Waliochepuka njia kuu: wachoraji, mafundi wa majahazi na wapanda milima wetu

#1 Brashi Namba Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kabla hamjaanza kucheka kichwa cha uzi, michepuko ninayoisema siyo ile ya matangazo ya "baki njia kuu". Nazungumzia ufundi.

Mimi ni mchoraji. Nilijifunza kwa mafundi wa Tingatinga pale Oysterbay, miaka kumi na moja iliyopita, nikianzia kuosha brashi na kupaka rangi ya chini. Leo nina meza yangu, siyo kubwa, inanilisha. Kilichonisukuma kufungua uzi ni jambo lililonikuta wiki iliyopita. Nitalifikia. Lakini lazima nianzie kwa mzee mwenyewe, maana naona vijana wengi wanadhani Tingatinga ni jina la mtindo tu, kama batiki.

Tingatinga ni mtu. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, kazaliwa 1932. Alipita kwenye mashamba ya mkonge Tanga kama vijana wengi wa kusini wa zama zile, akaja Dar, akawa mtunza bustani kwa Mzungu, baadaye akapata kibarua Muhimbili. Kuchora kaanza 1968, mtu mzima wa miaka 36. Darasa la sanaa hakuliona. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa za wenye hela, kwa hiyo akachukua hadibodi ya kupigia dari, akaikata mraba kama sentimeta 60 kwa 60, na rangi akanunua ya baiskeli, ile ya kwenye vikopo vidogo. Picha zikawa zinauzwa nje ya Morogoro Stores.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Rangi ya baiskeli ina kiburi. Inang'aa, nzito, inakauka kwa wakati wake, na ukiigusa mbichi imekuharibikia. Huwezi kuilainisha ubaoni ukapata kivuli kinachofifia taratibu kama wafanyavyo wenye rangi za maji. Unapaka rangi moja ya chini, unaanika, unasubiri. Unapaka mwili wa mnyama, rangi moja, unasubiri. Halafu ndiyo unakuja na brashi nyembamba unatia madoa, moja moja, shingo imepinda mpaka unasikia mshipa. Vumbi likipita kabla haijakauka, anza upya. Watu wanauliza kwa nini chui wa Tingatinga hana kivuli, kwa nini ameelea hewani bila ardhi wala upeo. Wasomi watakupa maelezo marefu ya falsafa. Mimi nakwambia shika kile kikopo siku mbili, utaelewa mwenyewe. Nusu ya mtindo ule ilitoka kwenye duka la vipuri vya baiskeli.

Mzee hakupata hata miaka mitano ya kazi hiyo. Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alilokuwemo, wakidhani ni la wahalifu waliokuwa wanawakimbiza. Akafa. Ndugu na wanafunzi wake, watu wasiozidi vidole vya mikono, wakashika brashi. Mwaka 1990 ushirika ukaandikishwa. Leo hakuna kibanda cha vinyago kuanzia Mwenge mpaka Nungwi usichokuta tembo wenye madoa wakipishana chini ya mbuyu.

Sasa la wiki iliyopita. Nilichora bajaji. Bajaji ya Mbagala usiku wa mvua, abiria watatu nyuma na mmoja kambana na dereva, taa zinamulika madimbwi. Madoa ni yaleyale niliyofundishwa, ila nimeyageuza matone ya mvua. Siku nne za kazi. Nikampelekea mfanyabiashara mmoja anayechukua kazi zangu mara kwa mara. Akaiangalia, akaigeuza nyuma kama anatafuta bei, akaniambia: "Hii siyo Tingatinga. Haiuzi. Nipakie tembo."

Na kodi ya meza ilikuwa inaisha Jumamosi. Nikarudi, nikapaka rangi ya machungwa juu ya bajaji yangu, tabaka mbili, nikaanika, nikachora tembo wawili na mtoto. Jumamosi wakachukuliwa.

Swali langu kwenu: mtu aliyechepuka, sisi tukamfuata mpaka mchepuko wake ukawa barabara ya lami, je, anayechepuka leo kutoka kwenye lami hiyo ndiye anayemuasi mzee au ndiye anayemfuata? Na nipeni mifano mingine, siyo ya wachoraji tu. Nawasilisha.

#2 Kijiwe Cha Jioni

Nimekimbilia uzi nikidhani kuna mtu kafumaniwa. Ngoja nikae, kumbe kuna madini.

#3 Bi Mkubwa wa Vinyago

Mwanangu Brashi, pole kwa bajaji yako. Ila na mimi nina kibanda, miaka ishirini na mbili sasa, acha nikupe upande wa pili.

Mgeni anashuka kutoka Serengeti, kesho anapanda ndege. Sanduku lake limeshajaa. Anataka kitu cha kukunja au kisichozidi upana wa sanduku, na akifika kwao mtu akikiona ukutani asiulize hiki ni nini. Tembo haulizwi. Bajaji yako itaulizwa, naye hana jibu, yeye mwenyewe aliipanda mara moja tena kwa woga. Ndiyo maana siku hizi mnachora kwenye kitambaa badala ya hadibodi, au umesahau? Hadibodi ilikufa kwa sababu ya sanduku, wala siyo sanaa. Kwa hiyo usitulaumu sisi peke yetu, hata mzee wenu angekuwa hai leo angeniletea kitambaa.

Tena hebu sema ukweli. Wateja wake mzee walikuwa nani? Wageni wa Oysterbay. Hakuwa anawauzia watu wa Manzese.

#4 Fundi Mpingo

Naunga mkono hoja ya bi mkubwa nusu, nusu naikataa.

Sisi wachongaji tuna hadithi kama hiyo. Miaka ya 1950 hapa Dar, kinyago cha Kimakonde kilikuwa mtu: mzee na fimbo, mama na mtungi. Kuna mchongaji aliitwa Samaki. Inasimuliwa kwamba sanamu lake moja lilivunjika mkono, badala ya kulitupa akalisawazisha, akaliacha na umbo lisilo la binadamu. Mfanyabiashara aliyekuwa akinunua kazi zake, Mohamed Peera, hakumfukuza. Akamwambia endelea. Ndiyo ukazaliwa mtindo wa shetani: jicho moja, tumbo lililotoboka, mguu unaoota kichwani. Leo shetani ni bidhaa kama tembo wako, na kijana akiniletea kinyago kisicho shetani wala ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, wanamuuliza "hiki ndiyo nini?"

Kwa hiyo tofauti ya Peera na huyo jamaa yako ni moja tu. Wote ni wafanyabiashara, wote walitaka faida. Mmoja alikuwa na subira ya kungoja mteja amzoee shetani.

Halafu usimsahau George Lilanga. Mmakonde wa kusini, kazaliwa 1934. Alipokuwa kijana alijifunzia kuchonga kwenye mihogo, maana mpingo hausamehe kosa, muhogo unasamehe. Alipokuja Dar kibarua chake Nyumba ya Sanaa kilikuwa ulinzi wa usiku. Mlinzi! Baadaye wale mashetani wake wenye masikio makubwa na midomo iliyolegea akawatoa kwenye mti, akawaweka kwenye ubao na rangi, wakacheza, wakapanda basi, wakanywa pombe. Mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Kisukari kilimkata miguu akaendelea kufanya kazi mpaka alipofariki 2005. Nikikumbuka ile mihogo huwa nacheka. Sijui mama yake alisemaje.

#5 Mtu wa Amu

Assalamu alaykum. Mmeuliza mifano isiyo ya wachoraji, nawapa ya kwetu Lamu.

Mnalijua lile jahazi la rangi rangi, la Flipflopi? Fundi wake mkuu ni Ali Skanda, mtu wa hapa, fundi wa majahazi. Limeundwa kwa plastiki zilizookotwa, tani 10, na mwili wake wote umevishwa vipande vya kandambili kama 30,000 zilizoletwa na bahari. Urefu mita 9. Lilishushwa majini Septemba 2018.

Watu wa bara wanaona rangi wanasema "vizuri". Mwenye kujua ufundi huona tabu iliyomo. Jahazi la mti huanzia mwituni. Fundi huenda na jicho lake kutafuta mti uliopinda wenyewe, kwa sababu taruma, ule ubavu wa chombo, hutakiwa upinde wa asili. Ukiukata mti ulionyooka ukaulazimisha kupinda, nyuzi zake zimekatika, siku ya mawimbi utakuangusha. Basi fundi huutazama mti akaona ndani yake taruma la mbele au la tezi, yaani nyuma ya chombo. Sasa mpe plastiki. Haina nyuzi, haina upinde, haikuotea popote. Ukiitia jua la saa saba inatanuka, usiku inanywea. Tezo ikipita haitoi zile taka za mti zinazokuonyesha umeingia kiasi gani, inatoa vinyuzi vinavyong'ang'ania chuma. Mti ukitiwa majini hunywa maji, mbao zikafura, zikabana kalafati. Plastiki hainywi chochote. Kila alichorithi fundi kwa wazee wake kuhusu kuzuia maji kuingia chomboni, pamba, sifa (mafuta ya samaki), deheni (mafuta na chokaa), alilazimika kukifikiri upya.

Wazee wengine walicheka. Nilikuwapo. Mmoja alisema hicho si chombo, ni jaa lenye tanga.

Lakini Januari 2019 kilitweka hapa, kikafuata upepo wa kaskazi, zaidi ya kilomita 500 mpaka Unguja, kikatia nanga Februari. Na hilo la kaskazi ndilo lililonifurahisha mimi. Chombo kipya kabisa, lakini msimu ni uleule walioungoja babu zetu, maana upepo hauulizi umeundwa na nini. Mwaka 2021 kikapelekwa Ziwa Viktoria. Huko kusi na kaskazi hazina habari.

#6 Kijiwe Cha Jioni

Mkuu wa Amu, kandambili 30,000? Hizo ni ndala au ni kandambili? Huku kwetu kandambili ni zile za mpira wa gari.

#7 Mtu wa Amu

Za mpira wa gari si ndizo katambuga? Hizi ni zile laini za bafuni.

#8 Kijana wa Umoja

Nairobi ni patapata. Mjadala umefungwa.

#9 Kijiwe Cha Jioni

Mjadala haujafungwa ila tuendelee.

#10 Mpinga Kila Kitu

Samahani kuwaharibia sherehe. Naona mnasifu watu waliobebwa na hela za nje. Tingatinga, wateja wa Oysterbay. Lilanga, Washington. Jahazi la patapata, wafadhili. Toa hizo hela uone nani angechepuka. Mtu wa Mbagala kuchepuka kwake ni kutafuta nauli.

#11 Mtu wa Amu

Ndugu yangu, ni jahazi gani la Amu lililokosa mwenye mali? Fundi anaunda, tajiri anamiliki, nahodha anaendesha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za kupeleka boriti Uarabuni. Hakuna fundi aliyewahi kula mbao zake. Mwenye mali hutoa fedha. Pale taruma lilipokataa kukaa, fedha haikusogea hata kidogo, aliyesogea ni Skanda.

#12 Mgumu wa Marangu

Nilikuwa nasoma kimya, ila Mpinga kanigusa. Mimi nabeba mizigo Kilimanjaro. Sisi tunaitwa wagumu, kilo 20 za mgeni juu ya zako mwenyewe, kwa hiyo suala la nani ana hela na nani ana mguu nalifahamu vizuri.

Oktoba 1889 Hans Meyer na Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na kwenye vitabu wameandikwa hao wawili. Kwetu Marangu kila mtoto anamjua Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa hapa aliyewaongoza. Kama alikanyaga kileleni au aliishia chini ya barafu, watu wanabishana mpaka leo. Aliishi mpaka 1996, mzee wa zaidi ya miaka mia. Jambo ninalolifikiria mimi ni jingine. Kwa Mchagga wa wakati ule kupanda kule kwenye weupe hakukuwa na maana yoyote. Huko hakuna shamba, hakuna kuni, kuna baridi inayokata vidole. Meyer ana kilele cha kujivunia kwao Leipzig. Yule kijana alienda kwa ajili ya nini? Hakuwa na kamba wala viatu vya maana. Huyo ndiye aliyechepuka, Meyer alikuwa kwenye njia kuu ya Wazungu wenzake.

Baadaye Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na Mwenge usiku wa kuamkia uhuru 1961. Simon Mtuy, wa hukuhuku, mwaka 2006 alikwenda mpaka kilele cha Uhuru na kurudi chini ya saa 10, bila wa kumbebea hata maji. Wageni wetu hiyo ni kazi ya siku sita, saba. Na Wilfred Moshi, aliyeanzia kwenye mizigo kama mimi akawa kiongozi, Mei 2012 akawa Mtanzania wa kwanza kusimama juu ya Everest.

Mimi nikisema nataka kupanda mlima siku ya mapumziko, mtu ananiuliza: nani anakulipa? Ukimjibu hakuna, anakutazama kama umeugua. Tumezoea mlima ni ajira. Kupanda bila mgeni nyuma yako ndiyo mchepuko wenyewe, Mpinga. Kibali tu cha Everest kwa serikali ya Nepali sasa ni dola 15,000. Kwa mshahara wa mgumu hesabu mwenyewe ni safari ngapi.

#13 Kijana wa Umoja

Kwetu Kenya tuna James Kagambi. Mwalimu wa kupanda milima miaka na miaka, alishapanda Denali kule Alaska mwaka 1989. Watu wakadhani amestaafu, magoti yamechoka. Mei 2022, ana miaka 62, akapanda Everest. Mkenya wa kwanza. Babu wa watu!

Halafu Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, aliyetaka kupanda bila oksijeni ya mtungi. Mei 2024. Hakurudi, na kiongozi wake Nawang Sherpa pia hakurudi. Mtandaoni watu walimtukana, eti kazi nzuri benki anaenda kutafuta nini. Sitaki kumfanya shujaa wala mjinga. Alikuwa anajua anachofanya kuliko waliokuwa wakiandika.

Brashi, wewe msake Cyrus Kabiru. Anatengeneza miwani kwa vyuma chakavu vya Nairobi: vijiko, waya, vifuniko, mabaki ya redio. Ameeleza mwenyewe kwamba alipokuwa mdogo alitaka miwani, baba yake akamwambia akiitaka aitengeneze. Akaitengeneza. Miwani haioni chochote, lakini ukimwona mtu ameivaa huwezi kuangalia kitu kingine. Sasa hiyo ungempelekea yule jamaa wako wa tembo angesemaje?

#14 Brashi Namba Mbili

Angesema nimchoree tembo mwenye miwani.

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Fundi Mpingo, lile neno la subira limenikaa. Bi mkubwa, umenipiga pazuri kwenye kitambaa, ni kweli nilishasahau kwamba hata hicho tulikibadilisha, na hakuna aliyelia. Ila kumbuka kitambaa kilibadilisha kinachobeba picha, na anayebebwa akabaki yuleyule.

Mpinga, sikatai hela. Nimeanza uzi na kodi ya meza, si umeona? Tofauti yetu ni kwamba wewe unadhani hela ndiyo inayochepusha mtu. Mimi kila nikiwaangalia hawa naona kitu kilichokuwa mkononi: kikopo cha rangi ya baiskeli, muhogo, kandambili iliyotupwa ufukweni, mzigo wa mtu mwingine mgongoni. Hela ilikuja ikamkuta mtu ameshaanza. Mgumu wa Marangu, siku ukipanda bila mgeni niambie, nikuchore. Bure.

#15 Bi Mkubwa wa Vinyago

Mwanangu, ile picha ilinunuliwa na nani?

#16 Brashi Namba Mbili

Haijanunuliwa bado, bi mkubwa. Jamaa kaichukua na nyingine sita, jana nimeiona inaning'inia dukani kwake, safu ya pili. Na nimeona kitu ambacho hata sikukitarajia. Ile rangi ni nene, si mnajua. Tabaka mbili za machungwa hazikutosha kuifunika mistari ya chini. Ukisimama mbele yake mchana ni tembo watatu na jua linazama. Ukisimama pembeni, mwanga ukiingia kwa ubavu, inatokea bajaji. Magurudumu matatu yanapita kwenye tumbo la mama tembo, na kichwa cha yule abiria aliyebanana na dereva kipo hapohapo kwenye sikio la mtoto.

Mwenye duka hajaiona.

#17 Bi Mkubwa wa Vinyago

Anauza bei gani? Kesho asubuhi namtuma kijana wangu. Usimwambie.